Barafu, tui, krimu au jeli: ipi itawafaa wageni wa Iddi?

BintiTudor aliandika:

Assalaam aleikum.

Naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo limekwisha kunilia sukari na maziwa kwa wiki mbili. Siku ya Iddi, baada ya adhuhuri, jamaa za mume wangu watakuja kwetu Tudor, Mombasa, watu ishirini na watano, na kumi na mmoja kati yao ni watoto. Baada ya pilau ningependa kuwapa kitu baridi cha matunda nilichokitengeneza mwenyewe, si aiskrimu ya dukani ambayo kila mmoja ameshaizoea. Nina friji yenye friza ndogo juu, blenda ya kawaida na mbuzi ya nazi. Mashine ya aiskrimu sina wala sitainunua.

Nimejaribu njia nne, na kila moja imeniangusha kwa namna yake. Barafu ya ukwaju iliganda ikawa jiwe, na mtoto wangu alipoifyonza, rangi na ladha vilimjia kinywani vyote kwa pamoja, kikabaki kijiti chenye barafu nyeupe isiyo na ladha yoyote. Aiskrimu ya embe kwa krimu na maziwa mazito ya kopo ilitoka laini, lakini embe lenyewe halikusikika, na gharama yake kwa watu wote hao siiwezi. Ya tui la nazi ilikuwa na chenga za barafu na vidonge vya mafuta vilivyonata kwenye kaakaa. Ama jeli ya nanasi, niliyoitengeneza kwa jelatini, ililala kwenye friji usiku kucha na asubuhi ikamiminika kama maji. Ipi kati ya hizi inafaa kurekebishwa, na ipi niiache?

Bi_Bondeni aliandika:

Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi nimeuza barafu barazani kwangu tangu wanangu wakiwa wadogo, na sasa wajukuu ndio wanaonipokelea pesa, kwa hiyo nitasema juu ya barafu na mengine nitawaachia wenyewe.

Kosa lako ni sukari. Ulionja maji ya ukwaju yakiwa ya kunywa, ukaona yanatosha, ukayatia friza. Ubaridi huutia ulimi ganzi, na kilicho kitamu kwenye bilauri huwa chapwa kikiganda. Tena sukari haipo kwa ajili ya utamu pekee, kwa kuwa ndiyo inayozuia sehemu ya maji isigande, na ile sehemu isiyoganda ndiyo inayolifanya jino lipite. Mimi katika lita moja ya maji ya ukwaju yaliyochujwa hutia sukari gramu 300 hivi, nikaionja ikiwa bado vuguvugu, na nikiona imezidi kidogo hapo ndipo najua imekaa sawa. Ukwaju wenyewe uloweke kwa maji ya moto, uuvuruge kwa mkono, kisha uuchuje mara mbili, kwani ile michanga midogo inayobaki chini hukera meno.

Ubuyu ni mwepesi zaidi kwa anayeanza. Unga wake una uzito, maji yake huwa kama uji mwepesi, na barafu yake hailiwi ladha ikabaki nyeupe kama hiyo yako.

Nikuambie na hili, ingawa si la Iddi. Zamani tulikuwa tukigandisha kwenye vifuko vya nailoni, mtoto anang'ata pembe na kufyonza, hata iwe ngumu vipi atahangaika nayo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 28 Agosti 2017, nilihamia vikombe vidogo, na wateja wakaanza kurudi na vijiko vilivyopinda. Kifuko kilikuwa kikinifichia kosa langu miaka yote. Sukari nimeiongeza tangu hapo, na malalamiko yamekwisha.

Mpishi_Likoni aliandika:

Nakubaliana na Bi, nami niongeze vipimo, kwa kuwa nimefanya kazi jikoni hotelini na huko hatukuruhusiwa kukisia. Mchanganyiko wa matunda unaogandishwa bila maziwa hufaa uwe na sukari kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake wote, pamoja na sukari iliyomo ndani ya tunda. Ikipungua, unapata jiwe. Ikizidi, haugandi vizuri na unabaki rojo. Asiye na kifaa cha kupimia atumie yai bichi lisilo la zamani, lililooshwa vizuri: uliweke ndani ya maji ya tunda yenye sukari, na sehemu ya ganda itakayojitokeza juu iwe na ukubwa unaokaribia sarafu ya shilingi kumi. Likizama, ongeza sukari. Likielea na kutoka sana, ongeza maji. Njia hii hufaa kwa maji yaliyochujwa kama ya ukwaju, mabungo au pasheni, wala usiitumie kwa rojo zito la embe, kwa sababu humo yai litakaa popote litakapowekwa.

Kuhusu nanasi, dada, hukukosea kupima. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, ambacho huvunja protini, na jelatini ni protini tupu, kwa hiyo hata ungeiacha wiki nzima isingeshika. Papai bichi lina tabia hiyohiyo, ndiyo maana watu hulipaka nyama ngumu. Dawa yake ni moto: chemsha vipande vya nanasi kwa dakika chache, kimeng'enya kife, kisha endelea. Nanasi la kopo limeshapikwa kiwandani, kwa hiyo halina shida hiyo.

Hata hivyo, mimi kwa Mombasa nisingetumia jelatini kabisa. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto za thelathini na kitu, na wewe unaiandaa mezani Tudor saa nane mchana. Wageni wakinyanyuka kunawa mikono tu, sahani zitakuwa zimejaa maji. Isitoshe, jelatini nyingine hutokana na nguruwe, na pakiti isiposema wazi ni ya nini, utajikuta unawajibu wakwe maswali siku ya Iddi. Tumia agari-agari, ile inayouzwa ya unga au ya nyuzi nyeupe kavu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa faluda ya maziwa. Hutokana na mwani, haiathiriwi na nanasi, na ikishashika haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzijoto 85. Kijiko kimoja cha chai cha unga wake hushikisha kikombe kimoja cha maji. Ichemshe kwanza ndani ya maji matupu mpaka iyeyuke yote, ndipo uzime moto na kuongeza maji ya nanasi, kwa maana ukali wa tunda ukichemshwa pamoja nayo huidhoofisha. (Mwani unaolimwa Kibuyuni huko Kwale si wa agari, hutoa karajinani, kitu kingine ingawa ni ndugu yake. Nilishawahi kubishana na mtu juu ya hili mpaka chai ikapoa.)

NaziMbili aliandika:

Msimwache tui likiwa mwana yatima. Kati ya hizo nne, ya tui ndiyo inayostahili kurekebishwa kabla ya zote, na nina hakika kosa lilikuwa ama tui la pili lilitumika, ama halikupikwa.

Kuna nazi mbili katika sufuria yangu siku zote, ndiyo asili ya jina langu. Nakuna, natia maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu tu, nasugua kwa mkono mpaka vidole vinapakaa mafuta, nakamua kwa kifumbu. Hilo ndilo tui la kwanza, na hilo pekee ndilo la aiskrimu. La pili lina maji mengi, na maji hayo ndiyo chenga zako. Nusu lita ya tui zito naiweka motoni pamoja na vijiko viwili vya kulia vya konflawa iliyokorogwa kwanza kwa tui baridi kidogo, sukari, chembe ya chumvi na iliki. Nakoroga bila kuondoka mpaka ifunike mgongo wa mwiko, na ukipitisha kidole pale, njia ibaki wazi. Konflawa inashika maji na mafuta pamoja, ndiyo maana vidonge havitokei. Kisha ipoe kabisa, ilale friji usiku mmoja, na kesho yake ndipo nachanganya rojo la embe.

Embe liwe ngowe. Halina nyuzi, rangi yake ni ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na bado linapatikana sokoni Kongowea ukiwahi asubuhi. Embe la kienyeji lenye nyuzi utalichuja mpaka mkono uchoke. Stafeli nalo hukubaliana sana na tui, ila utoe kokwa zote kwa mkono, usithubutu kuzisaga.

Mimina kwenye sinia pana isiyo na kina, si kwenye mkebe mrefu. Baada ya dakika 45 utaona kingo zimeganda na katikati pangali majimaji. Kwangua kingo kwa uma uzilete katikati, uvuruge, urudishe. Fanya hivyo mara nne. Ndiyo kazi ya mashine hiyo, ila wewe unaifanya ukipita jikoni.

Ya krimu iache. Ni nzuri, haina kazi, na inafanana kwa kila tunda utakalotia.

BabaKisauni aliandika:

Mnashauri kana kwamba dada ana friza ya bucha. Friza ya juu ya friji haiwezi kubeba sinia mbili na vikombe kumi na kimoja, na ikijazwa vitu vya vuguvugu kwa mpigo haigandishi chochote mpaka usiku wa manane. Tena stima ikikatika asubuhi ya Iddi, atafanyaje?

Sisi nyumbani hatuna friza, na aiskrimu tunakula. Chukua ndoo, weka ndani yake sufuria ndefu ya chuma yenye mfuniko, na ujaze pembeni barafu iliyopondwa pamoja na chumvi ya mawe, sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi kwa uzito. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka huko hufyonza joto mpaka ubaridi ukaribie nyuzijoto 20 chini ya sifuri, baridi kuliko friza yake. Watoto wanazungusha sufuria kwa zamu huku na huku, na kila baada ya dakika tano mtu mzima anafunua na kukwangua kuta. Ndani ya nusu saa hivi imeshika. Barafu inayouzwa kwa wavuvi inatosha, kwa kuwa haiingii kwenye chakula, lakini mfuniko ufungwe vizuri, maana tone moja la maji yale likiingia, aiskrimu yote imekuwa ya chumvi. Mwaka jana lilituingia. Tuliila hivyohivyo, kwa sababu shemeji alikuwa ameshanunua barafu na hakuna aliyetaka kumwambia.

Bi_Bondeni aliandika:

Baba Kisauni amesema la maana kuhusu friza. Mwanangu, barafu ya vikombe uitengeneze siku tatu kabla, haiharibiki, na ikishakuwa ngumu unaipanga juu ya mwenzake. Agari haihitaji friza, inakaa friji chini. Kwa hiyo friza inabaki na sinia moja tu ya tui.

Na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja: iliyo na tui au maziwa ikiyeyuka yote mezani, usiirudishe kugandisha upya. Itarudi na chenga, na mbaya zaidi, itawaumiza watu matumbo. Toa kidogokidogo.

Katika jamaa hao hawakosi wazee. Mimi mwenyewe meno yangu ya mbele si yangu. Barafu ya kung'ata iwe ya watoto, sisi utupe jeli au tui.

BintiTudor aliandika:

Ahsanteni nyote, Bi, nimekusikia habari ya meno.

Jumamosi nimefanya jaribio. Nilikamua ukwaju, nikatia sukari niliyodhani ni nyingi, na yai likazama chini kabisa kama jiwe kisimani. Niliongeza mara tatu kabla halijatokeza. Vikombe vimetoka jana, na mwanangu amekula chake kwa kijiko kisichopinda, mpaka chini, rangi moja.

Tui nimelipika kwa konflawa na ngowe tatu. Sikuvuruga mara nne, nilivuruga mbili nikapitiwa na usingizi, kwa hiyo katikati pana chenga kidogo, ila vidonge vya mafuta havikuwepo na harufu ya embe imesimama juu ya nazi vizuri kuliko ilivyokuwa kwa krimu. Siku yenyewe nitaweka saa iniamshe. Nanasi nimelichemsha hata hivyo, ingawa Mpishi amesema agari haina shida nalo, kwa sababu lililochemshwa limekuwa na rangi nzuri zaidi. Nilitoa bakuli nje ya friji saa saba mchana na saa tisa bado lilikuwa limesimama.

Basi nimeamua: vikombe vya ukwaju kwa watoto, sinia ya tui na ngowe kwa wakubwa, na bakuli la nanasi kwa wazee. Krimu nimeirudisha kwa jirani, ambaye ndiye aliyeniazima. Ndugu BabaKisauni, ndoo nitaiweka tayari nyuma ya mlango, na chumvi ya mawe nimeshanunua kilo mbili.