Tamko la kutobagua kwenye taasisi ya utafiti: liandikweje?

Dagaa_Ilemela: Wakuu, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi hapa Mwanza ina wafanyakazi 34. Bodi inataka tamko la demokrasia na kutobagua. Niandike nini zaidi ya "tunaheshimu watu wote"?

Kirumba_Sheria: Fungua kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Usiifupishe orodha yake ya mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Wengi huishia kabila na dini, wakaacha ujauzito, hali ya ndoa, VVU, ulemavu, umri na maoni ya kisiasa. Mtafiti mjamzito akiondolewa kwenye safari za ziwani bila kuulizwa, tamko linakuwa bubu. Halafu kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili mpango wa fursa sawa kwa Kamishna wa Kazi. Karatasi ya kubandika ukutani si mpango.

MamaNyamagana: Ongeza Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010: ukifika wafanyakazi 20, angalau asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Kwenu ni 1.02, kihesabu mmoja hatoshi! Mwenye ualbino akienda mwaloni, bajeti iwe na kofia pana na losheni ya jua.

Dagaa_Ilemela: Shukrani. Na demokrasia?

Kirumba_Sheria: Mwakilishi wa wafanyakazi achaguliwe kwa kura ya siri, asiteuliwe na mkurugenzi. Malalamiko yapokelewe na watu wawili, maana anayelalamikiwa mara nyingi ndiye bosi. Taja na muda wa kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi): siku 30 kwa kuachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine.