Lori la Lego la Maersk la miaka ya 80: nilisafishe au nilitume lilivyo?

Mtoto wa Kurasini
Habari za mchana wakuu. Naomba ushauri, na kama hujui naomba upite kimya kimya.

Nina lori la Lego (yale matofali madogo ya plastiki ya kuunganisha) la Maersk, lile la kubeba kontena, seti namba 1651. Kwa wasiolijua: lilitoka 1980, na halikuwa la kupangwa kila duka kama seti nyingine, lilitengenezwa kuitangaza kampuni ya meli. Boksi lipo, kijitabu cha maelekezo kipo, maandishi ya ubavuni yanasomeka. Shida ni rangi. Upande uliokuwa ukiangalia dirisha, ile bluu imeelekea ukijani.

Kuna mtu Uholanzi analitaka. Nimesoma kuna watu wanaloweka matofali kwenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kupausha, halafu wanaanika juani, rangi inarudi. Nifanye hivyo? Na nilibomoe au lisafiri likiwa zima? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Jogoo la Shamba
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale na karanga zangu.

FundiRedio
Mkuu umenirudisha mbali sana. Sisi Songea hizo Lego tulizisikia ukubwani. Lori letu lilikuwa la waya, magurudumu tunakata ndala za mzee (fimbo inafuata jioni), taa ni visoda, na usukani wa fito mrefu unafika kifuani ili uendeshe huku unakimbia. Mimi nilikuwa natengeneza Scania, kwa sababu Scania zilikuwa zinaunganishwa Kibaha na tuliamini ni za kwetu kabisa. Kulikuwa na jamaa mmoja aliweka hadi springi kwa waya wa baiskeli. Likipita kwenye mashimo linanesa. Watoto wa siku hizi wakipewa waya wanauliza chaji iko wapi.

Mtoto wa Kurasini
Asante FundiRedio ila mimi nimeuliza peroksaidi.

Tofali Dogo
Salaam kutoka Aarhus, Denmark. Mimi nakusanya hizi Lego za Maersk, hasa malori, kwa hiyo mada hii ni yangu.

Kwanza, USILOWEKE. Peroksaidi na jua vinaweza kurudisha rangi, ndiyo, lakini plastiki yenyewe ni ABS, ndiyo Lego wanayotumia tangu 1963, na ikishapigwa na mwanga miaka mingi halafu ukaipiga tena dawa, wakusanyaji wengi wanalalamika inakuwa rahisi kuvunjika. Tena rangi iliyorudishwa hairudi sawasawa, unapata mabaka. Mnunuzi makini anaona kwenye picha tu. Na popote penye maandishi dawa ikigusa umekwisha.

Osha hivi: bomoa, tenga kila kipande chenye maandishi kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, vilivyobaki maji ya vuguvugu yasizidi nyuzi 40 na sabuni kidogo ya vyombo, mswaki laini, kausha KIVULINI. Ukishamaliza liunde tena, piga picha pande zote, kisha libomoe na ulitume kwenye vifuko, boksi likiwa limewekwa bapa kati ya makadibodi mawili. Likisafiri likiwa zima litafika likiwa kifusi, na boksi litabonyea.

Pili, elewa ulichonacho. Hii bluu ya Maersk haikuwa rangi ya kawaida ya Lego, ilikuwa ya hizi seti za Maersk. Walianza na meli 1974, namba 1650, kisha lori lako 1980. Ndiyo maana tofali moja tu la rangi hiyo watu wanalitafuta kuziba mapengo. Ukiiharibu rangi umeharibu kitu chenyewe kinachouzwa.

Tatu, bei usiulize hapa. Nenda BrickLink, soko la mtandaoni la wakusanyaji wa Lego, usiangalie bei wanazotaja wauzaji, angalia wastani wa zilizouzwa kweli miezi 6 iliyopita. Hapo ndipo utajua kama Mholanzi wako anakuheshimu.

Swali langu: lilikaa wapi miaka yote hiyo, na nani alilipata? Mnunuzi atauliza.

Mtoto wa Kurasini
Tofali Dogo barikiwa sana. Hilo ndilo jibu.

Historia yake: baba mdogo alikuwa karani bandarini Dar. 1986 kulikuwa na afisa mmoja wa meli, Mdenishi, alisaidiwa jambo fulani la hati za mzigo, akaacha zawadi. Boksi limeandikwa Maersk Sealand vizuri kabisa. Tulilichezea nyumbani Kurasini, wakati huo hata sukari ni foleni, sisi tuna lori kutoka Ulaya. Watoto wa mtaa walikuwa wanakuja kuliangalia tu, hawaruhusiwi kugusa. Baadaye likawekwa juu ya kabati.

Mama Abdul
"Tulilichezea" wewe na nani?

Mtoto wa Kurasini
Watoto wa nyumbani.

Mama Abdul
Zawadi alipewa baba yako mdogo. Baba yako mdogo ana watoto?

Mtoto wa Kurasini
Dada Mama Abdul kwa heshima zote, hili ni jukwaa la ushauri siyo mahakama. Mambo ya ukoo wetu hayahusiani na dawa ya plastiki.

Jogoo la Shamba
Karanga zimeiva.

Kichwa Ngumu
Wanaume wa miaka 50 wanajadili midoli. Nchi hii bwana.

FundiRedio
Kichwa Ngumu, wewe unajadili mpira wa watu usiowajua kila siku na hatusemi kitu. Mwacheni mwenzenu.

Tofali Dogo
Mkuu mimi sikuuliza kwa ubaya, lakini Mama Abdul kagusa penyewe. Ukiuza kitu cha bei hiyo nje, halafu akatokea mtu anasema ni chake, jina lako kwenye masoko ya wakusanyaji limekwisha. Lilikuwa la nani?

Mtoto wa Kurasini
Sawa. Ili msiseme nimeficha.

Baba mdogo alimpa mwanawe, tunalingana kwa umri. Alikwenda Muscat zamani, kafanya maisha huko. Alipoondoka vitu vyake vikabaki kwa mama yangu, lori likiwemo. Miaka yote hajawahi kuuliza habari zake, hata siku moja. Anapiga simu sikukuu, anauliza hali, anauliza mvua, lori hajataja. Mimi ndiye nimelihamisha nyumba tatu, mimi nimelinda panya wasile boksi. Na huyo siyo mtu baki, mtoto wa baba mdogo ni ndugu yangu wa damu, kwetu hatuna chako na changu.

Halafu Mholanzi ameshatanguliza euro 200. Zimeshaingia kwenye ada ya mtoto. Kwa hiyo hata mkiniambia nisiuze, nirudishe nini? Ndiyo maana nikauliza kuhusu kusafisha tu.

Ustadh Kimbinyiko
Ndugu yangu, kilichowekwa kwako ni amana. Amana haiwi yako kwa sababu mwenyewe hajaiulizia, wala kwa sababu umeilinda na panya. Kuilinda ndiyo ilikuwa kazi yako. Mpigie simu leo kabla ya magharibi, mweleze, muombe ridhaa. Akikuridhia, uza kwa halali. Hayo mengine ya kusema "kwetu hatuna chako na changu", jiulize kama ungeyasema lori lingekuwa lako na aliyeuza ni yeye.

Mama Abdul
Mwenzenu mimi kaka yangu aliuza cherehani ya marehemu mama, Singer ya miguu, eti "ilikuwa imekaa tu". Mpaka leo kwenye harusi tunakaa meza tofauti. Na ilikuwa cherehani, haikuwa hata Lego.

Kichwa Ngumu
Uza. Mtu yuko Oman anakunywa kahawa na halua, hana habari na plastiki. Mtumie picha ya ada ya mtoto, ataelewa.

Msomi wa Kijiweni
Samahani kuwaharibia sherehe. Nimesoma uzi wote na nina jambo dogo.

Mleta mada anasema lori lilipatikana 1986 na boksi limeandikwa "Maersk Sealand vizuri kabisa". Sea-Land ilikuwa kampuni ya Marekani, kampuni nyingine kabisa. Maersk walinunua biashara yake ya kimataifa 1999, na hapo ndipo jina Maersk Sealand likaanza. 2006 likaachwa, wakarudi Maersk Line. Sasa nieleweshwe, huyo Mdenishi wa 1986 alikuwa afisa wa meli au mtabiri?

Hii chai. Tena ina tangawizi na maandazi.

Jogoo la Shamba
🤣🤣🤣 Jamani karanga zimenipalia.

Kichwa Ngumu
Nilijua tu. "Euro 200". "Ada ya mtoto". Uzi ujao atatuomba namba za kuchangia.

Ustadh Kimbinyiko
Kama ni uongo basi nasaha yangu naihamishia kwenye mlango wa kusema uongo.

FundiRedio
Msomi, mimi hata kama ni chai nimeinywa. Lile lori langu la waya lilikuwa la kweli.

Mtoto wa Kurasini
Wakuu mnanidhalilisha. Nimeandika Sealand kwa sababu nimekulia Kurasini, makontena yameandikwa Maersk Sealand nimeyaona mpaka yakanikaa kichwani, hata leo utakutana na makuukuu yamegeuzwa vibanda vya chips. Niliandika bila kulitoa boksi. Boksi lipo kitandani hapa.

Msomi wa Kijiweni
Tupia picha basi.

Mtoto wa Kurasini
Mtandao unasumbua.

Msomi wa Kijiweni
Ahaaa.

Tofali Dogo
Msomi subiri kwanza. Mtu anayetunga hawezi kutunga ule ukijani wa upande wa dirishani. Wanaotunga husema "jipya kabisa, halijawahi kufunguliwa".

Mleta mada, nataka picha tatu: vinundu vya juu ya tofali kwa karibu, kila kimoja lazima kiwe na jina LEGO limechorwa juu yake, boksi kwa mbele, na boksi kwa ubavu wote.

Mtoto wa Kurasini
[picha]
[picha]
[picha]
Haya. Mmeridhika?

Tofali Dogo
Nimezikuza zote. Wakuu, hili ni lenyewe. Vinundu vina jina, bluu ni ileile, hata ilivyogeuka naiona kwenye langu. Boksi limeandikwa Maersk Line, hakuna Sealand popote. Msomi, historia yako ya kampuni iko sahihi, jamaa alichanganya jina.

Msomi wa Kijiweni
Nakubali. Ila tarehe zangu zilikuwa sahihi, hilo liandikwe.

Tofali Dogo
Liandikwe. Sasa mleta mada, picha ya tatu, ubavuni karibu na pembe iliyochanika. Kuna maandishi ya kalamu ya wino, mkono wa mtoto. Nasoma "HILI LORI NI LA SUDI DRS LA 3B USIGUSE".

Mama Abdul
Sudi ndiye wa Muscat?

Mama Abdul
Mtoto wa Kurasini, nakuona uko hewani.

Mtoto wa Kurasini
Ni utoto ule. Tulikuwa tunaandika majina kwenye kila kitu, hata mimi jina langu lilikuwa kwenye redio ya mzee.

Tofali Dogo, wino wa kalamu kwenye kadibodi ya zamani unatoka kwa spiriti au itachubua?

Tofali Dogo
Itachubua.

Kichwa Ngumu
Jaribu maji ya ndimu.

Mama Abdul
Mods msifunge huu uzi. Kuna mtu humu yuko Muscat, anatokea Kurasini, anaitwa Sudi, au anamfahamu?

Bwana Dishdasha
Sudi mrefu, ana duka la vipuri vya magari Ruwi? Anayesimulia kila Ijumaa kwamba utotoni alikuwa na lori la Maersk?