MREJESHO: Ile pesa ya kufuatilia biashara ya ngozi za punda

Wakuu, salama? Mtakumbuka niliuliza hapa mwandishi wa kujitegemea aliyeko Dodoma apate wapi pesa ya kufuatilia punda kutoka Bahi na Kongwa hadi ng'ambo ya mpaka. Mmoja wenu alinijibu kwa mkato: "Tafuta mwenzako Kenya kwanza, pesa baadaye." Nilinuna kidogo, lakini alikuwa sahihi.

Ombi la kwanza la ufadhili lilikataliwa. Niliandika insha ndefu kuhusu uchungu wa Wagogo kupoteza mnyama wa kubeba maji, bajeti nikaipa mstari mmoja! La pili tuliliandika wawili, mimi na dada mmoja wa Namanga. Tulichanganua kila kitu: nauli, mkalimani wa Kigogo, wakili wa kupitia habari kabla haijatoka. Hoja tukaijenga juu ya uamuzi wa Umoja wa Afrika wa Februari 2024, wa kusitisha biashara ya ngozi hizo kwa miaka 15. Uamuzi upo, je, punda wamebaki?

Wafadhili wamekubali. Awamu ya kwanza imeingia Ijumaa. Jumatatu naanzia mnadani. Aliyenipa ushauri ule, soda yako ipo.