MGB ya 1970: nizifufue SU mbili, au nifunge Weber?

Kijana wa Tudor
Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Gari ni MGB ya 1970, ile ya michezo ya Kiingereza, injini ya cc 1798, bado ina kabureta zake mbili (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) za SU HS4. Asubuhi inaamka vizuri, na kutoka Tudor hadi mjini haina neno. Taabu huanza kwenye foleni ya feri Likoni. Ikishapata joto, mlio unapanda na kushuka wenyewe, harufu ya petroli inaingia ndani, na nikizima haiwaki mpaka ipoe. Tena nikikanyaga mafuta ghafla pale Buxton kuingia daraja la Nyali, inakohoa kwanza ndipo ishike. Plagi mbili za mbele ni nyeupe, mbili za nyuma zimejaa masizi.

Nimepewa ushauri wa aina tatu: nizifanyie SU matengenezo kamili, nizing'oe nifunge kabureta moja ya Weber 45 DCOE, ile ya kulala, au nifunge ile Weber 32/36 ya kusimama, inayovuta hewa kutoka juu. Pesa ninayo ya njia moja tu. Mngefanya lipi?

Mzee wa Kuze
Marahaba mwanangu. Kabla hujaigusa kabureta, umeangalia moto wa plagi? Pointi za kukata umeme ziwe na nafasi ya inchi 0.015, na valvu nazo 0.015 injini ikiwa baridi. Kisha timing, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Kabureta nyingi hutukanwa bure na kosa ni kondensa ya hapo kwenye moto.

Ila hizo plagi zako zinasema. Kabureta ya mbele inalisha silinda 1 na 2, ya nyuma inalisha 3 na 4. Ya mbele inavuta hewa isiyotakiwa, ya nyuma inamwaga mafuta. Ni magonjwa mawili tofauti, na fundi akikupa dawa moja kwa yote mawili, mkimbie.

Chukua chupa ya maji ya kupulizia, ile ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Injini ikinguruma, nyunyiza kidogo kwenye ncha za ule mhimili wa kipepeo (kile kibati cha ndani ya kabureta kinachofungua na kufunga hewa), kila upande. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Usitumie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta, eksozi iko chini yake moja kwa moja na nywele bado unazihitaji.

Nyali45
Mimi nina DCOE kwenye MGB yangu na sirudi nyuma. Baba alinipeleka mtoto kutazama mashindano ya Safari Rally, nikaisikia Datsun 240Z, gari lililoshinda 1971 na tena 1973. Tangu hapo gari lisilonguruma kwangu si gari. Asubuhi ya Jumapili ukielekea Malindi, ukipita Kilifi barabara ikiwa tupu, ile sauti ya kuvuta hewa yatosha kulipia petroli. Maana petroli itaondoka, hilo nisikufiche. Na pampu isisukume zaidi ya psi 3 hivi, ama itakufurikia.

Fundi Bombolulu
@Nyali45 sauti nakukubalia. Nguvu, hapo tuongee taratibu. DCOE ina koo mbili za kupitisha hewa, na imeundwa kila koo lilishe silinda moja. Kichwa cha MGB kina matundu mawili tu ya kuingizia, kila moja limeunganisha silinda mbili. Kwa hiyo koo moja la Weber linagawia silinda mbili zinazonyang'anyana, na ile faida uliyoilipia inapungua njiani. Kwenye injini ya mashindano yenye kemu kali (mhimili unaofungua valvu), sawa. Kwenye injini ya kiwandani utapata kidogo juu kabisa na utapoteza ulaini chini, na foleni ya Likoni yote iko chini.

Halafu jeti, yale matundu madogo ya kupimia mafuta na hewa. Jeti ya mzunguko wa chini, jeti kuu, ya hewa, ya pampu ya kuongeza mwendo, na koo lenyewe la ndani lina saizi zake. Kama huna kasha la jeti mkononi unabahatisha. SU ina sindano moja iliyochongoka ndani ya jeti moja. Pistoni inapanda kwa mvuto wa injini yenyewe, tundu linapanuka kadiri injini inavyohitaji. Ukitaka kupunguza mafuta unazungusha nati moja kwa spana.

Mzee wa Kuze
Na anayepanda Nairobi ajue hili. Ni kilomita 480 hivi, na ukifika uko juu ya mita 1,600. Hewa imepungua, mafuta yanaonekana mengi. Kwa SU nasimama njiani napandisha nati ya jeti pande moja au mbili (sita ni mzunguko mmoja), naendelea na safari. Mwenye DCOE akitaka iende sawa inambidi afungue jeti.

Dada wa Changamwe
Mbona hamuitetei 32/36? Nitaitetea mimi, maana gari langu ni la kazini, si la Jumapili. Ina koo mbili: la milimita 32 hufunguka kwanza, la 36 hufuata ukikanyaga zaidi. Ukienda polepole unatumia koo moja dogo. Hakuna kusawazisha kabureta mbili kwa sababu ni moja. Choki inafanya kazi, na jeti zake hupatikana kwa urahisi kwa kuwa kabureta hii imefungwa kwenye magari ya kila namna.

Ubaya wake? Lazima ununue menifoldi yake, lile bomba la kuipeleka hewa kwenye injini. Ukifika mizunguko ya juu inachoka mapema kuliko SU mbili. Na kuna za kuiga nyingi sokoni, nyingine zinafika na uso uliopinda. Iwekeni uso wake juu ya kioo bapa muone kama umenyooka, kabla hamjatoa pesa.

Fundi Bombolulu
Dada kasema kweli. Kama SU zako zingekuwa zimeoza kabisa, mimi ningekwenda na 32/36 kabla ya DCOE.

Lakini Kijana, hakuna hata moja kati ya hizo Weber itakayokuponya foleni. Kwenye injini hii matundu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi yako upande mmoja, kabureta imekalia moto. Ukizima injini, joto la eksozi linapanda, petroli inachemka kwenye bakuli la kabureta na kumiminikia ndani kupitia jeti. Ndiyo maana haiwaki mpaka ipoe. Je, lile bati la kuzuia joto lipo? Na vile vipande vya plastiki ngumu kati ya kabureta na menifoldi? Magari mengi yameshafunguliwa mara kadhaa na bati likaachwa kwenye pipa la mtu.

Ule ukohozi wa Buxton: fungua kifuniko cha juu cha kila kabureta, angalia oili ya pistoni. Ikikauka au ikiwa nyepesi mno, pistoni inaruka haraka na hewa inatangulia mafuta. Kitabu kinasema SAE 20. Kwa joto letu 20W-50 haijawahi kunisumbua. Ya gea boksi ya otomatiki usitie, ni nyepesi.

Kijana wa Tudor
Nimerudi na majibu. Moto uko sawa. Maji: kabureta ya mbele, ncha zote mbili za mhimili, mlio unabadilika papo hapo. Ya nyuma nimefungua bakuli, boya nikilitikisa nasikia petroli ndani yake. Oili ilikuwa kavu mbele, kidogo nyuma. Bati la joto halipo kabisa.

Mzee wa Kuze
Boya likiingia petroli halielei, na sindano ya bakuli, ile ya kukata petroli, haifungi. Hayo ndiyo masizi yako ya nyuma. Weber utaifungia nini?

Nyali45
Kwa sauti 😄 Haya, kwa huyu nakubali, SU. Yangu siing'oi.

Kijana wa Tudor
Basi SU. Fundi, zikishatengenezwa, naziweka sawa vipi?

Fundi Bombolulu
Hakikisha kwanza sindano zote mbili zina alama moja. Inua kila pistoni uiachie, ishuke na kugonga kwa sauti kavu. Ikikwama, jeti haiko katikati.

Kila nati ya jeti ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe pande 12, yaani mizunguko miwili. Pasha injini moto kabisa. Toa vichujio vya hewa, legeza kiungo kinachofunga mihimili miwili ili kila kabureta ijitegemee. Chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Rekebisha skrubu za mwendo mpaka zivume sawasawa.

Sasa inua pistoni ya mbele milimita moja tu kwa kile kipini cha chini. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi, pandisha nati. Ukididimia au injini ikataka kuzima, mafuta ni machache, ishushe. Ukipanda kidogo halafu ukarudi, umefika. Pande moja kwa wakati, usiwe na haraka. Fanya nyuma, kisha rudia mbele, maana ukigusa moja nyingine nayo inahama. Mwisho kaza kiungo.

Kuhusu mihimili, tafuta fundi wa kukereza mwenye mashine nzima, atie bushi mpya na mhimili mpya pamoja. Mhimili mpya kwenye tundu lililoliwa ni pesa za bure. Na kabla hujatoa vile vipepeo, vitie alama kipi ni cha wapi na upande gani unatazama nje. Kingo zake zimekatwa kwa mshazari, ukivigeuza havifungi.