Tupeane uzoefu: umeshushaje trigliseridi kwenye damu?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu trigliseridi, mafuta ya damu ambayo kwa kawaida hayatoi dalili yoyote hadi yanapoleta madhara. Kipimo changu cha kwanza kilisoma miligramu 412 kwa desilita, ilhali kinachotakiwa ni chini ya 150. Siku hiyo hiyo niliacha vyakula vya kukaanga, nikawa ninakunywa juisi ya matunda glasi kubwa asubuhi na jioni nikiamini kwamba ninajitibu. Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 430. Daktari aliniuliza ninakunywa nini kabla hajauliza ninakula nini, kisha akanieleza kwamba sukari inayozidi mahitaji ya mwili, hata ile ya asili iliyomo kwenye juisi, hugeuzwa na ini kuwa trigliseridi. Nilirudi kwenye maji na tunda zima, nikawa ninatembea dakika 40 kila jioni, na kutoka kilo 88 nikafika 81. Sasa nipo 178.

Mchangiaji wa 2
Hongera sana. Mimi niligundua nikiwa nimelazwa, baada ya maumivu makali ya tumbo la juu yaliyopenya hadi mgongoni na kunitapisha usiku kucha. Muuguzi alinionyesha kichupa cha damu yangu iliyotulia, juu yake kukiwa na utando mweupe kama maziwa. Kipimo kilivuka 1,000 na kongosho lilikuwa limevimba. Kwa kiwango hicho niliambiwa nipunguze mafuta ya kila aina, yakiwemo yanayosifiwa kuwa mazuri, nitumie fenofibreti, dawa ya kushusha trigliseridi, na niache pombe kabisa. Kumeza dawa ni rahisi. Kuacha pombe ndiko kulikonitoa jasho, na huu ni mwaka wa nne.

Mchangiaji wa 3
Kwangu chanzo kilikuwa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyozembea kufanya kazi, na niliumia sana kwa sababu mwaka mzima nililaumiwa kwa ulaji. Nilipoanza dawa ya tezi, trigliseridi zilishuka bila dawa nyingine. Ombeni mpimwe sukari, thairoidi na figo, na mtaje dawa zote mnazotumia, kwani steroidi na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango huweza kuzipandisha.

Mwanzisha mada
Sijawahi kupimwa thairoidi. Nimeiandika kwenye karatasi nitakayokwenda nayo kliniki Jumatatu.