Mtindo wa picha kwenye video na majalada ya bendi za roki: unachambuliwa vipi bila kubahatisha?

Nyalenda_Kamera (Kisumu)

Hamjambo wadau. Naandaa kipindi cha saa mbili kwa vijana wa klabu ya sanaa hapa Kisumu, mada ikiwa sura ya bendi za roki: majalada ya albamu pamoja na video. Shida ni kwamba ukimwonyesha kijana jalada la Joy Division ukamuuliza anaona nini, atakujibu "giza" au "huzuni", halafu basi. Maandishi mengi ya mtandaoni nayo huishia hapo hapo. Nataka wapate namna ya kutazama ambayo watu wawili wakiifuata kila mmoja kivyake, maelezo yao yatakaribiana. Tuna kompyuta moja, projekta na simu zao. Nianzie wapi, na wapi watu hupotea?

Lenzi_ya_Menengai (Nakuru)

Anza na video, na uizime sauti. Waitazame mara ya kwanza kimya, kila mmoja akiandika kinachoonekana kwa macho tu: nani yuko kwenye fremu, mwanga unatoka upande gani, kamera imesimama au inatembea, rangi zipi zinajirudia. Neno la hisia lisiandikwe bado. Huzuni haipigwi picha. Kilichopigwa ni uso uliomulikwa upande mmoja mbele ya ukuta wa kijivu, na hicho ndicho cha kuandika. Sauti irudi mara ya pili.

Halafu mhesabu mikato, yaani kila mahali picha moja inapokatwa na nyingine kuanza. Gawanya sekunde za video kwa idadi ya shoti (vipande vilivyo kati ya mkato na mkato), utapata urefu wa wastani wa shoti moja. Video ya dakika 4 yenye shoti 120 ina wastani wa sekunde 2. Ila wastani wa video nzima hudanganya sana kwenye roki, kwa sababu nyimbo nyingi hutulia kwenye ubeti na kulipuka kwenye kiitikio. Hesabu ubeti peke yake na kiitikio peke yake. Ukikuta sekunde 4 huku na sekunde 1 kule, umeshapata jambo la kuandika.

Kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, simamisha video ubonyeze E, itasonga fremu (picha moja tulivu ya video) moja moja. Shift na S kwa pamoja huhifadhi fremu hiyo kama picha. Kwenye YouTube, ukiwa na kompyuta na video imesimama, kitufe cha nukta (.) husogeza fremu mbele na cha koma (,) hurudisha nyuma.

Sasa mdundo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde. Video ikiwa ya fremu 24 kwa sekunde, pigo ni fremu 12 kamili. Ikiwa ya fremu 25, pigo ni fremu 12 na nusu, hivyo anayekata kwenye kila pigo atatoa shoti za fremu 12 na 13 zikipokezana. Msiseme mhariri amekosea. Angalieni mkato unaangukia wapi: pigo la kwanza, au la pili na la nne ambapo snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) hulia. Wahariri wengi hutanguliza mkato kwa fremu moja au mbili makusudi, kwa kuwa jicho huhitaji muda mdogo kuipokea picha mpya, na mkato wa namna hiyo huhisi umekaa sawasawa na ngoma.

Wanapopotea watu wengi ni kwenye faili yenyewe. Filamu ya fremu 24 ikipandishwa kuwa 30, fremu moja katika kila nne hurudiwa, kwa hiyo ukibonyeza E mara tano unapata picha nne tu. Jingine: video za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa umbo la 4:3, na baadhi ya nakala za sasa zimekatwa zijae skrini ya 16:9. Hapo robo nzima ya kimo cha picha imeondoka juu na chini. Mtu anaandika kurasa kuhusu "kamera inayowabana waimbaji", kumbe aliyewabana ni aliyeikata nakala. Tafuta toleo lenye mistari myeusi pembeni.

Kwa mfano wa kufundishia chukua The White Stripes, video mbili za 2003. "Seven Nation Army" ya waelekezi Alex na Martin ni pembetatu ndani ya pembetatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na unahisi unazama ndani bila kukoma. Mikato imefichwa ndani ya pembetatu, kwa hiyo hapo hesabuni pembetatu. "The Hardest Button to Button" ya Michel Gondry inafanya kinyume: kila pigo linazaa ngoma nyingine mbele ya macho yako, na mdundo unaweza kuuona hata ukiwa umezima sauti. Nje barabarani, mchana, zile rangi tatu bado zimeshikilia kwenye nguo na vyombo. Onyesha hizo mbili mfululizo.

Wakichambua pia video za bendi za huku kwetu, uwaonye kuhusu jua. Karibu na ikweta jua la saa sita hukaa utosini, na kivuli cha nyusi huzima macho. Macho meusi kwenye video iliyopigwa Menengai saa sita mchana hayathibitishi kwamba mwelekezi alitaka kuficha macho. Yakiwa meusi pia kwenye shoti za ndani, ambako taa ni ya kupangwa, hapo ndipo mna hoja.

Wino_na_Karatasi (Kakamega)

Nakubaliana na Lenzi, ila majalada usiyaweke kiporo, maana yana kipimo chao: ukubwa. Jalada la santuri lina takriban sentimita 31 kila upande, la CD 12, na kwenye orodha ya nyimbo ya simu halifiki hata 2. Lipunguze hadi pikseli 64 kisha muulizane kimebaki nini. "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd (1973, studio ya ubunifu ya Hipgnosis, mchoro wa George Hardie) hubaki nzima, pembetatu na mwale wake. Albamu ya Metallica ya 1991 hugeuka mraba mweusi mtupu, kwa sababu nembo na nyoka vimechapwa kwa kijivu kizito juu ya nyeusi. Jalada hilo lilitengenezwa lishikwe mkononi na kuinamishwa kwenye mwanga.

Kwa rangi, tumia GIMP, programu ya kuhariri picha: menyu ya Image, kisha Mode, kisha Indexed, weka rangi 6, na kwenye Dithering chagua None. Ukiisahau hiyo ya mwisho utapata vidoti vilivyochanganyika badala ya madoa safi ya rangi.

Baada ya hapo kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote: nini hapa kingeweza kufanywa vingine? "Unknown Pleasures" ya Joy Division (1979) ni grafu ya mawimbi ya redio kutoka pulsa CP 1919, nyota iliyogunduliwa 1967 na ambayo hutoa pigo moja kila sekunde 1.34 hivi. Mistari si ya mbunifu, ni ya wanasayansi. Asili yake ilikuwa mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Mbunifu Peter Saville aliigeuza ikawa nyeupe kwenye nyeusi, akaiweka ndogo katikati, na mbele hakuna jina la bendi wala la albamu. Kugeuza, kupunguza, kunyamaza: hayo matatu ndiyo maamuzi, na ndiyo "giza" la vijana wako likipewa majina.

Vilevile "London Calling" ya The Clash (1979). Herufi za waridi na kijani zimepangwa na Ray Lowry kufuata jalada la kwanza la Elvis Presley la 1956. Weka yote mawili kwenye skrini, kushoto na kulia. Picha yenyewe haina ukali, na mpiga picha Pennie Smith hakutaka itumike kwa sababu hiyo, bendi ikaitaka. Kwa hiyo ule ukungu hakuupanga mtu, lakini kuuchagua kulipangwa.

Na usiruke kwenye ishara za kushoto na kulia. "Wish You Were Here" ya Pink Floyd (1975), ile ya wanaume wawili wanaopeana mkono mmoja akiwaka moto: upepo ulirudisha moto usoni kwa yule mtu, ikabidi wabadilishane nafasi, na picha ikageuzwa baadaye, kushoto ikawa kulia. Anayejenga hoja juu ya nani kasimama kushoto anajenga juu ya upepo.

Ukichapisha nakala za darasani: sentimita 20 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 zinataka pikseli 2,362. Picha ya pikseli 600 kwa upana huo ni dpi 76, na herufi ndogo zitavunjika. Ukiskani jalada lililochapwa, skani kwa dpi 600 ndipo upunguze, la sivyo nukta za uchapaji zitagongana na gridi ya skana na kuleta mawimbi ambayo hayamo kwenye jalada.

Besi_Nne (Kisumu)

Samahani wakuu, ila mnaruka jambo. Mtindo huu ni wa nani? Saville alitengeneza pia majalada ya bendi ya New Order, na lile jalada la "Blue Monday" (1983) lenye umbo la disketi halina jina mbele vilevile. Mwaka 1973 Hipgnosis walikuwa wanatengeneza jalada la Pink Floyd na la Led Zeppelin pia. Ukitazama bendi moja tu utaisifu bendi kwa mkono wa mbunifu. Linganisha upande wa pili na Iron Maiden: Derek Riggs alimchora Eddie, lile zimwi la majalada yao, tangu albamu ya 1980 hadi ya 1990, na ya 1992 ikachorwa na Melvyn Grant. Mkono ulibadilika, Eddie na herufi za nembo vikabaki. Kilichobaki ndicho cha bendi. Wape vijana kazi ya kuandika kanuni ya sentensi moja, halafu watafute jalada linaloivunja.

Nyalenda_Kamera (Kisumu)

Asanteni sana. Saa mbili zitatosha yote haya kweli?

Lenzi_ya_Menengai (Nakuru)

Hazitoshi, punguza. Dakika 40 za video moja: kimya, kisha sauti, kisha ubeti mmoja na kiitikio kimoja kwa fremu, siyo wimbo mzima. Dakika 40 za majalada manne na lile swali la Wino. Inayobaki iwe kazi ya Besi, wakiwa wawili wawili. Fremu za VLC zihifadhi usiku uliotangulia na uzipe majina ya dakika na sekunde, maana programu huzirundika zote kwenye folda ya picha na kutafuta moja mbele ya darasa kutakula muda.

Wino_na_Karatasi (Kakamega)

Na projekta uijaribu kwanza na lile jalada la Metallica. Chumba kisipokuwa na mapazia, nyoka hataonekana kabisa, na somo la nyeusi juu ya nyeusi litakufia. Hilo lichapishe kwenye karatasi ya kung'aa ulipitishe mkononi.