Kiungo kipi kipandwe pamoja na nyanya na kabichi Tabora: giligilani, mrihani au mnanaa?

BustaniIpuli: Ndugu wanajukwaa, naomba ulinganisho wa viungo vinavyofaa kuchanganywa na mboga katika udongo wetu wa kichanga. Nalima nyanya na kabichi kwa kumwagilia wakati wa kiangazi, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wananisumbua sana. Kwa kuwa maji ni ya kubeba, nataka kujua kiungo kipi kinastahili kupewa nafasi.

MamaMboga: Kwa vidukari wa kabichi, chagua giligilani, lakini uiache itoe maua. Maua hayo huwalisha nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari, pamoja na nzi wa maua ambao mabuu yao huwala vidukari hao. Anayeivuna yote ingali majani kwa ajili ya kachumbari hapati faida hiyo. Joto la Septemba na Oktoba huifanya ichanue na kuisha upesi, hivyo panda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu.

MrinaAsali: Mimi nauchagua mrihani, kwa sababu hupenda jua na maji kama nyanya, na ukichanua huvuta nyuki, jambo lenye manufaa makubwa kwa mwenye matango au maboga jirani. Mnanaa uwekwe kwenye ndoo kuukuu, maana mashina yake hutambaa chini ya udongo na kuvamia tuta zima.

MzeeWaMatuta: Wanangu, kabla ya kuchagua, ulizeni eneo hilo lililimwa nini. Ng'oeni mche wa nyanya uliodumaa. Mkiona vinundu kwenye mizizi, hiyo ni dalili ya minyoo fundo, minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoshambulia tumbaku na nyanya vilevile na kustawi kwenye kichanga. Hapo mrihani hausaidii, kwani nao hushambuliwa. Panda marigodi, yale maua ya njano au rangi ya chungwa, yabanane katika tuta zima kwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya nyanya, kwa kuwa mizizi yake hutoa kemikali inayowadhuru minyoo hao. Mashina machache pembeni ni pambo tu.

BustaniIpuli: Shikamoo mzee. Eneo hili lilikuwa la tumbaku kweli, na nyanya za upande mmoja zimedumaa. Giligilani nitaipanda kwenye kabichi sasa, na mizizi ya nyanya nitaikagua. Je, marigodi yang'olewe au yafukiwe?

MzeeWaMatuta: Marahaba. Yakate na kuyafukia yangali mabichi, kabla hayajakomaza mbegu.